Mfereji wa Rideau Unapoganda: Mwongozo Kamili wa Kuteleza Kwenye Barafu na Kutembea Nje Majira ya Baridi Mjini Ottawa

Mfereji wa Rideau, unaopita katikati ya Ottawa, mji mkuu wa Kanada, ulichimbwa kati ya mwaka 1826 na 1832 chini ya usimamizi wa Luteni Kanali John By, ili vyombo vya kijeshi na vya mizigo vipate njia iliyo mbali na mpaka wa Marekani. Una urefu wa kilomita 202 kutoka Ottawa hadi Kingston, na mwaka 2007 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu majira ya baridi ya 1970–71, kipande chake cha kilomita 7.8 kinachokatiza jijini kimekuwa kikifagiliwa theluji, kumwagiwa maji na kukaguliwa ili watu wateleze juu yake bila kulipa hata senti moja.

Familia nyingi za Wakongo, Warundi na Wanyarwanda zimefanya makao Ottawa na Gatineau, mji ulio ng'ambo ya mto, na katika nyumba nyingi miezi ya Januari na Februari hupita watu wakiwa wamejifungia ndani kana kwamba nje hakuna kitu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya mgeni yeyote anayefika Ottawa wakati huo. Ninaamini kwa dhati kwamba kinachowazuia wengi si woga wa baridi bali ni kutojua mambo yafuatane vipi. Anayeanza na barafu, akafuata na mavazi, kisha akajifunza kusimama kabla ya kwenda mbali, atafurahia siku yake hata kama hajawahi kuona theluji maishani.

Hatua ya kwanza: panga siku kwa kufuata barafu

Kosa la kawaida la mgeni ni kununua tiketi ya ndege kwa tarehe aliyoipenda, kisha kutarajia kwamba mfereji utakuwa tayari. Barafu ya Rideau ni ya asili. Haigandishwi kwa mitambo, na kwa hiyo hutegemea hali ya hewa peke yake. Kila msimu wa vuli kina cha maji hupunguzwa, kisha wafanyakazi husubiri baridi kali idumu siku nyingi mfululizo. Tume ya Mji Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia eneo hilo, hairuhusu watu kupita mpaka barafu iliyo bora ifikie unene wa takriban sentimita 30, kwa sababu barafu hiyo hubeba maelfu ya watu kwa wakati mmoja pamoja na magari ya kuondolea theluji.

Theluji yenyewe, ambayo wengi hudhani ni rafiki wa barafu, ni adui yake. Ikilala juu ya barafu changa huifunika na kuzuia baridi ya hewa isipenye, hivyo maji yaliyo chini huchelewa kuganda. Mvua nayo hulainisha uso wa barafu na kuufanya kuwa na mashimo. Kutokana na hali hiyo, katika msimu wa 2022–23 mfereji haukufunguliwa hata siku moja, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea tangu utaratibu huu uanze. Kwa kawaida, msimu huanza kati ya mwisho wa Desemba na mwisho wa Januari, na hufungwa mwishoni mwa Februari au mapema Machi. Anayetoka mbali na anayeweza kuchagua, basi achague siku zilizo kati ya wiki ya mwisho ya Januari na katikati ya Februari, na ajiwekee siku kadhaa za akiba katika ziara yake ili siku moja ya mvua isimharibie safari yote.

Kabla ya kutoka nyumbani, tazama taarifa ya hali ya barafu ambayo Tume huitoa kila siku kwenye tovuti yake. Taarifa hiyo hueleza ni vipande vipi vilivyo wazi, kwa maana mfereji haufunguliwi wote kwa mara moja, na hueleza pia ubora wa uso wa barafu. Ukifika kwenye ngazi za kushukia mfereji utaona bendera: ya kijani humaanisha kwamba pamefunguliwa, na nyekundu humaanisha kwamba pamefungwa. Ukikuta nyekundu, usishuke, hata kama unaona mtu mwingine ameshashuka.

Jambo la mwisho kuhusu kupanga ni saa. Usiku, wafanyakazi humwagia maji juu ya barafu ili yagande na kuziba mikwaruzo ya mchana. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya kazi, kati ya saa mbili na saa nne, ndipo uso huwa laini kuliko wakati mwingine wowote na watu huwa wachache. Jumamosi alasiri uso huo huo huwa umekwanguliwa na maelfu ya vyuma vya viatu vya kutelezea, na anayejifunza kuteleza hupata tabu mara mbili: barafu mbovu na msongamano. Nakushauri kwa nguvu zote uamke mapema.

Hatua ya pili: vaa kwa tabaka

Joto la wastani la Januari mjini Ottawa ni karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, na usiku wa baridi kali huweza kushuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri au zaidi. Hata hivyo, namba inayopaswa kukuongoza ni ile inayojumuisha upepo. Hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo ukivuma kwa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kama iliyo katika nyuzi 33 chini ya sifuri, na katika kiwango hicho inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Mfereji ni njia ndefu iliyonyooka, na upepo ukiingia humo hupita bila kizuizi. Namba ya upepo ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, fupisha matembezi; ikikaribia 40 chini ya sifuri, ahirisha.

Vazi la kwanza, lile linaloshika ngozi, liwe la sufu nyembamba au la kitambaa cha sintetiki kinachopitisha jasho. Lisiwe la pamba. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na mara unapopumzika jasho hilo hugeuka kuwa maji baridi yaliyokugandama mgongoni. Tabaka la pili ni sweta ya sufu au ya kitambaa kizito chenye manyoya, ambalo kazi yake ni kuhifadhi hewa yenye joto. Tabaka la tatu ni koti linalozuia upepo na unyevu, refu kiasi cha kufunika makalio, pamoja na suruali ya theluji. Vazi la tabaka la tatu lisibane, kwa sababu hewa iliyobanwa haihifadhi joto. Ukianza kutoka jasho, fungua zipu au vua sweta mara moja badala ya kungoja.

Vidole vya mikono hupata joto zaidi katika glavu za mfuko mmoja kuliko katika zile zenye vidole vilivyotenganishwa. Masikio yafunikwe kabisa na kofia ya sufu. Wenye nywele za kusukwa wafunge kwanza kitambaa laini cha satini ili sufu isikate nywele. Vua hereni za chuma, kwani chuma huvuta joto kutoka kwenye ndewe ya sikio kwa kasi. Anayevaa hijabu achague ya kitambaa chepesi inayokaa chini ya helmeti bila kukunjamana, na anayevaa sketi ndefu au baibui ahakikishe upindo umefika juu ya kifundo cha mguu, au aufunge kwa mkanda, kwa sababu kitambaa kinachoburuzwa hunaswa na chuma cha kiatu na kumwangusha mtu papo hapo.

Paka usoni mafuta mazito. Vaa miwani ya jua siku za anga safi, kwa maana theluji huakisi mwanga kwa nguvu na macho huuma jioni. Simu iwekwe mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa kuwa betri huishiwa nguvu haraka katika baridi na simu inaweza kuzima ghafla wakati unapoihitaji.

Watoto wadogo wanastahili neno la peke yao. Mtoto aliyekaa kwenye sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu kinachovutwa juu ya theluji, hasogezi mwili, hivyo hupata baridi mapema sana kuliko mzazi anayemvuta, ambaye anatoka jasho na kudhani kwamba hali ni njema. Mfunike kwa blanketi, na kila baada ya dakika 15 mvue glavu moja umguse vidole. Vikiwa baridi na vyeupe, nendeni mahali penye joto bila kubishana.

Hatua ya tatu: chagua na ufunge viatu vyako vizuri

Viatu vya kutelezea hukodishwa katika vituo vilivyo kandokando ya mfereji, ambako hukodishwa pia sleji, na wahudumu watakusaidia kupata kipimo. Usishangae ukipewa namba ndogo kuliko ya viatu vyako vya kawaida. Vile vya mtindo wa hoki ya barafuni kwa kawaida hupimwa hivyo. Kwa mwanzo, ninapendelea viatu vya hoki kuliko vile vya kuchezea dansi ya barafuni, ambavyo vina meno mbele ya chuma. Barafu ya asili ina nyufa, na meno hayo hunaswa kwa urahisi.

Vaa soksi moja ya unene wa wastani. Watu wengi huvaa mbili nene wakidhani watapata joto, kumbe mguu uliobanwa hauingizi damu ya kutosha na vidole hufa ganzi. Keti, ingiza mguu, kisha gonga kisigino chini ili kikae nyuma kabisa ya kiatu. Kaza kamba kwa ulegevu kiasi kwenye vidole, kaza kwa nguvu kuanzia kwenye mgongo wa mguu hadi kifundo, halafu legeza kidogo tundu la juu kabisa ili goti liweze kukunjika mbele. Simama. Kisigino kikipanda ndani ya kiatu, au kifundo kikilala upande, fungua na uanze upya. Hakuna ustadi wowote utakaorekebisha kiatu kilichofungwa vibaya, na wengi wanaosema miguu yao ni dhaifu wana kamba zilizolegea tu.

Watoto wasikose kuvaa helmeti, na hata mtu mzima anayeanza namshauri hivyo hivyo, kwa sababu anguko la mwanafunzi huwa la kinyumenyume.

Hatua ya nne: jifunze mahali padogo kwanza

Usianzie mfereji. Mbele ya jengo la Manispaa ya Ottawa, karibu kabisa na mfereji wenyewe, kuna uwanja mdogo wa barafu inayogandishwa kwa mitambo, uliofunguliwa mwaka 2012 na usiotozwa kiingilio. Uso wake ni sawa, hauna nyufa, na hudumu hata siku ambazo mfereji umefungwa. Uwanja mwingine wa namna hiyo upo katika bustani ya Lansdowne, kando ya mfereji. Kwa mwenye kupenda historia, katika makazi rasmi ya Gavana Mkuu, Rideau Hall, kuna kiwanja cha barafu kilichoanzishwa mwaka 1872, na umma huruhusiwa kukitumia katika nyakati zilizotengwa. Tazama ratiba kwanza.

Ukiingia barafuni, kunja magoti mpaka usione ncha za viatu vyako, elekeza mikono mbele usawa wa kiuno, na tazama mbali badala ya miguuni. Anza kwa kutembea hatua fupi fupi, visigino vikiwa karibu na vidole vikielekea nje. Baada ya hatua chache, acha miguu yote miwili ikae sambamba na uiache ikuchukue. Hapo ndipo utakapoonja kuteleza kwa mara ya kwanza. Kisha sukuma kwa mguu mmoja kwa upande, ukiegemea mguu mwingine, na ubadilishane. Kumbuka kwamba msukumo huenda pembeni. Anayesukuma nyuma kama anayekimbia hujikuta mguu umemtoroka.

Kusimama ukiwa katika mwendo hufanyika kwa kupanua miguu, kugeuza vidole kidogo ndani na kusukuma visigino nje, huku magoti yamekunjwa. Fanya zoezi hilo mpaka uweze kusimama unapotaka, kwa maana mfereji una watu wa kila umri wanaokatiza mbele yako. Na kuanguka nako kuna utaratibu wake: ukihisi umepoteza mizani, chuchumaa na uanguke kwa ubavu, viganja vikiwa vimefungwa ili vidole visipitiwe na vyuma vya wengine. Ili kuinuka, piga magoti yote mawili, inua goti moja na kuweka chuma chini, weka mikono yote juu ya goti hilo, kisha usukume. Mtu mzima asione haya kushikilia kiti cha kujifunzia pale kinapopatikana.

Hatua ya tano: shuka mfereji

Reli nyepesi ya jiji hufika jirani na mfereji katika vituo vya Rideau na Dow's Lake, na kwa hiyo huhitaji gari wala shida ya kutafuta maegesho. Kwa mara ya kwanza, napendekeza uanzie upande wa ziwa la Dow's Lake, ambako eneo ni pana na unaweza kuzunguka bila kubanwa, badala ya katikati ya mji ambako njia ni nyembamba na watalii hujazana. Kandokando ya njia kuna vyumba vyenye joto vya kubadilishia viatu pamoja na vyoo. Viatu vyako vya kawaida vibebe kwenye mkoba wa mgongoni.

Kaa upande wa kulia, na anayetaka kupita akupite kushoto. Usisimame katikati ya njia kupiga picha. Tupa macho hatua kadhaa mbele ukitafuta nyufa, hasa zile zinazokwenda sambamba na mwelekeo wako, kwani chuma kikiingia humo hakitoki kwa urahisi. Ukiukaribia ufa, inua mguu uuvuke kwa pembe. Nyufa hizi huonekana za kutisha na wakati mwingine barafu hutoa mlio mkubwa, lakini chanzo chake ni barafu kusinyaa na kutanuka kadiri joto linavyobadilika, na juu ya barafu iliyokaguliwa mlio huo si dalili ya kuvunjika.

Hesabu safari ya kurudi tangu mwanzo. Kutoka Dow's Lake hadi mjini na kurudi ni zaidi ya kilomita 10, na mtu aliyekwenda akisukumwa na upepo hugundua ukali wake anapogeuka. Geuka ukiwa bado na nguvu. Njiani utakuta vibanda vya vyakula, na hapo usikose BeaverTails, unga wa ngano uliotandazwa mrefu kama mkia wa biva (mnyama wa majini mwenye mkia bapa), ukakaangwa na kunyunyiziwa sukari na mdalasini; anayejua andazi la moto atauelewa mara moja. Mwili unaopigana na baridi huunguza chakula haraka, kwa hiyo kula na kunywa kinywaji cha moto ni sehemu ya kujikinga.

Hatua ya sita: sanamu za barafu na theluji

Tamasha la Winterlude, lililoanza mwaka 1979, hufanyika mwishoni mwa juma kwa wiki tatu za mwanzo wa Februari, na sehemu kubwa yake haina kiingilio. Wachongaji hushindana kwa kutumia vipande vya barafu vilivyo angavu kama kioo. Uangavu huo hupatikana kwa kugandisha maji polepole kutoka chini huku ya juu yakisukwasukwa, ili viputo vya hewa visinaswe ndani. Katika miaka ya karibuni, sanamu zimekuwa zikionyeshwa katika mtaa wa Sparks, karibu na Bunge. Nenda mapema katika tamasha, kwa sababu jua la siku chache hutosha kulainisha kingo na kufuta sura, na nenda baada ya jua kuzama, yaani baada ya saa kumi na moja na nusu jioni, wakati taa za rangi zinapopenya ndani ya barafu. Ukipata nafasi ya kumtazama mchongaji akiwa kazini, simama utazame jinsi anavyoanza na msumeno wa injini na kumalizia kwa patasi ndogo.

Wenye watoto wavuke mto hadi bustani ya Jacques-Cartier huko Gatineau, ambako hutengenezwa vilima vya theluji vya kuserereka. Wanaotaka utulivu waende hifadhi ya Gatineau Park, yenye njia nyingi za skii na za kutembea kwa viatu vipana vya theluji. Viatu hivyo havihitaji mafunzo: anayejua kutembea ataviweza, na binafsi naona ndivyo vinavyomfaa zaidi mzazi au mzee asiyetaka kuteleza.

Hatua ya saba: mipaka ya usalama

Yote yaliyotangulia yanahusu barafu iliyokaguliwa. Ziwa, mto au bwawa lisilo na msimamizi ni jambo tofauti kabisa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kanada hutaja sentimita 15 kuwa unene wa chini kwa mtu anayetembea au kuteleza peke yake, na 20 kwa kikundi. Barafu angavu yenye rangi ya buluu ndiyo imara. Nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina takriban nusu ya nguvu hiyo. Ya kijivu ina maji ndani yake na haifai kukanyagwa. Chini ya madaraja na karibu na mikondo barafu huwa nyembamba hata kama pembeni ni nene. Kwa mgeni, ushauri wangu ni mmoja: usikanyage barafu isiyo na msimamizi.

Endapo mtu atatumbukia, kumbuka kanuni ya Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba: una dakika moja ya kutuliza pumzi, dakika 10 za kuweza kutumia mikono na miguu, na saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Kwa hiyo tulia kwanza, geukia upande uliotokea, weka viwiko juu ya barafu, piga miguu mpaka mwili ulale bapa, kisha jiviringishe mbali na shimo bila kusimama. Aliye nje asimkimbilie. Amrushie kamba, skafu au tawi, na apige 911, namba ya dharura.

Ngozi inayoanza kuganda huwa baridi, nyeupe na haina hisia. Usiisugue, na usiipake theluji. Ingia ndani, vua kilicho kibichi, weka sehemu hiyo katika maji ya uvuguvugu wa mwili, na ikiwa hisia hazirudi au malengelenge yakitokea, nenda hospitali. Mtu anayetetemeka sana, kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka au akaacha kutetemeka ghafla, anahitaji msaada wa dharura papo hapo.

Unaporudi nyumbani

Futa vyuma vya viatu kwa kitambaa kikavu kabla ya kuviweka mkobani, kwa kuwa maji ya dakika chache tu huanzisha kutu. Toa soli za ndani na uzianike mbali na hita, maana joto kali hupasua ngozi ya kiatu. Kama viatu ni vyako mwenyewe, vipeleke kunolewa pindi unapoona vinateleza kwa upande wakati wa kusukuma. Barafu ya asili ina mchanga na vumbi, na hufifisha makali mapema kuliko barafu ya uwanja wa ndani.